Mshika Kamera Mbili

Kijana anayeajiriwa na gazeti leo kama mpiga picha hukabidhiwa kazi ambazo zamani ziligawanywa kwa watu wanne. Akitumwa Uwanja wa Benjamin Mkapa siku ya Simba na Yanga, anatarajiwa kurudi na picha ya ukurasa wa kwanza, video ya dakika mbili ya YouTube, kipande cha wima cha Instagram, na sauti ya shabiki aliyelia au aliyecheka. Picha za mwanzo ziwe zimeingia ofisini kabla ya mapumziko, maana mtandao hausubiri filimbi ya mwisho. Kamera ni moja, mikono ni miwili, na mshahara mara nyingi ni uleule wa picha.

Nimekaa kwenye dawati la picha muda wa kutosha kuona vijana hodari wakirudi na kila kitu, na bado tukakosa cha kuchapisha. Wanakuwa wameaminishwa kwamba picha mnato na video ni mapacha, ukiijua moja umeijua nyingine, unabadilisha kitufe tu. Ukweli ni kwamba kazi hizi mbili zinagombania kitu kimoja, nacho ni muda.

Tuanze na gazeti. Pita asubuhi kwenye vibanda vya magazeti pale Posta au Kariakoo jijini Dar es Salaam utazame watu waliosimama mikono nyuma, wakisoma vichwa vya habari bila nia yoyote ya kutoa hela. Vichwa hivyo wengi wao wameshavisikia redioni wakiwa kwenye daladala, kwa sababu watangazaji huvisoma kila siku. Picha haisomeki redioni. Ndiyo kitu pekee kwenye ukurasa ule ambacho bado ni kipya kwa mtu aliyesimama pale, na ina nafasi ndogo sana ya kumshika: hana sauti ya kumsaidia, haoni kilichotangulia wala kilichofuata. Kwa hiyo mpiga picha wa gazeti hufundishwa kusubiri. Anaweza kukaa nyuma ya goli kipindi kizima akitafuta tukio moja ambalo mpira, mguu, uso wa kipa na jezi vyote vimeingia ndani ya fremu bila kuzibana.

Karatasi nayo ina masharti yake. Karatasi ya gazeti hunyonya wino, nukta za uchapaji hutanuka, na sehemu za giza huziba. Mwafrika mwenye ngozi nyeusi akipigwa picha saa saba mchana huku anga jeupe likiwa nyuma yake, kamera hupima mwanga wote kwa pamoja, ikaona mwanga ni mwingi, ikaupunguza. Kwenye skrini ya kompyuta macho yake bado yanaonekana. Kesho yake gazetini kuna doa lenye shati. Dawa ni kupima mwanga wa uso na kuliacha anga liungue. Vijana wengi huogopa kufanya hivyo kwa sababu mawingu yanapotea, lakini hakuna msomaji aliyewahi kununua gazeti kwa ajili ya mawingu.

Maelezo ya picha sitayazungumza sana. Nani yuko kushoto, nani kulia, wapi, lini, wanafanya nini, majina yameandikwa sawasawa. Kijana asiyeuliza majina palepale atayatafuta usiku kwa simu, na usiku simu hazipokelewi. Kuhusu picha za kukabidhi hundi ya mfano, kubwa kama mlango, huku watu sita wakiishika na wote wanatazama kamera, natamani zipigwe marufuku, ila najua nani analipia matangazo.

Sasa video. Kwa kawaida ya nchi zetu, video hurekodiwa fremu 25 kwa sekunde, na ili mwendo uonekane wa kawaida machoni, shata, yaani muda ambao kamera hupokea mwanga, huwekwa kwenye 1/50 ya sekunde. Mchezaji anayepiga shuti huhitaji 1/1000 au zaidi ili mguu na mpira visimame. Tofauti hiyo ni mara 20. Hapo ndipo ushauri wa kupiga video tu, kisha kuchomoa fremu moja ya gazeti, unapovunjika. Ukubwa hautasumbua: video ya 4K ina pikseli 3,840 kwa 2,160, na ukichapa kwa pikseli 200 kwa inchi unapata picha yenye upana wa karibu sentimita 49, zaidi ya ukurasa wa gazeti dogo. Kitakachosumbua ni ukungu, kwa sababu mguu ule umefutika ndani ya fremu. Na ukipandisha shata ya video hadi 1/1000, fremu zitakuwa kali, lakini video yenyewe itaonekana inarukaruka kama mdoli wa kamba.

Hilo ni la kamera. La mtu ni gumu zaidi. Anayetafuta picha mnato anakusanya nguvu zake zote kwenye kilele cha tukio, na kabla ya kilele anaweza hata kushusha kamera. Anayerekodi video hana ruhusa ya kushusha. Anahitaji mwanzo, kilele na kinachofuata, na anahitaji vipande vya kuunganisha: picha ya mbali ya mahali, ya kati ya mtu, ya karibu ya mikono, ya karibu ya uso, kila moja ikishikiliwa sekunde kumi bila kutikisika. Nenda soko la samaki la Feri alfajiri. Wa gazeti atatoka na pweza aliyeinuliwa juu ya vichwa vya wanunuzi, na siku yake imekwisha vizuri. Wa video akitoka na pweza huyo peke yake hana kitu. Anahitaji boti inaingia, ndoo zinapokewa, dalali anapandisha bei, noti zinahesabiwa, mafuta yanachemka kwenye karai la wakaangaji.

Na anahitaji kumsikia dalali huyo. Sauti ndiyo inayowaangusha vijana waliotoka gazetini, kwa sababu miaka yote waliyojifunza kuona hakuna aliyewafundisha kusikiliza. Mtazamaji huvumilia picha iliyotikisika kidogo. Sauti ikijaa upepo, huifunga video hapohapo. Maikrofoni iliyoko juu ya kamera hunasa pumzi ya mpiga picha na pikipiki inayopita kuliko maneno ya mama anayehojiwa hatua tatu mbele, hivyo maikrofoni ndogo ya kwenye kola ni bora kuliko lenzi ya pili. Mhojiwa aombwe kujibu kwa sentensi kamili, maana swali litakatwa. Akimaliza kusema, nyamaza kidogo. Mara nyingi lililo zito hulisema baada ya kudhani amemaliza. Kabla ya kuondoka, rekodi dakika moja ya mahali penyewe bila mtu kusema. Mhariri ataihitaji kuzibia maungio.

Kuna mtu aliyeyafanya yote haya kabla sisi hatujapata jina la kuyaita. Mohamed Amin alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akakulia Dar es Salaam, na mwaka 1963, akiwa na umri wa miaka 20 hivi, alianzisha kampuni ya Camerapix papa hapa Dar. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 yalimkuta tayari yumo kazini. Tarehe 5 Julai 1969, waziri wa Kenya Tom Mboya alipopigwa risasi akitoka duka la dawa kwenye Government Road jijini Nairobi, leo Moi Avenue, Amin alifika ndani ya muda mfupi akapiga picha mnato na filamu vilevile. Wanaoitetea desturi ya kumbebesha kijana kila kitu hupenda kumtaja yeye: mbona Mo aliweza?

Aliweza, lakini tazama alivyobanwa. Rola ya futi 100 ya filamu ya milimita 16 haifiki dakika tatu. Rola ya picha mnato ina picha 36. Ukikosea, hakuna cha kufuta na kurudia, na kila futi ina bei. Mtu wa namna hiyo hawezi kuacha kamera ijizungukie huku anatafuta la kufanya. Lazima aamue kabla ya kuiinua ni ipi itangulie. Kadi ya kumbukumbu ya leo inabeba saa nyingi za video na maelfu ya picha, na wepesi huo umewaondolea vijana ulazima wa kuamua. Korem, Ethiopia, Oktoba 1984, Amin alipokwenda na Michael Buerk wa BBC, kazi kuu ilikuwa picha za televisheni, na inaonekana: kamera inapita polepole juu ya watu wenye njaa, inakaa kwenye nyuso, maneno ni machache. Taarifa ilirushwa tarehe 23 Oktoba. Kutoka hapo ukaja wimbo wa hisani wa Band Aid, na Julai 1985 tamasha la Live Aid.

Jambo jingine wanaomtaja husahau. Mwaka 1991 ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, Amin alipoteza mkono wa kushoto, na John Mathai, fundi wake wa sauti, aliuawa. Mshika kamera mbili alikuwa na mtu wa maikrofoni.

Picha mnato haijazeeka kwa sababu ya video. Boniface Mwangi alikuwa na miaka 24, mpiga picha wa The Standard, Kenya ilipowaka moto baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Mwaka 2009 alizitoa picha za ghasia zile gazetini akazipeleka barabarani katika maonyesho ya Picha Mtaani, mji hadi mji, ili wananchi wasimame mbele ya picha hizo na wazungumze. Kwetu, Septemba 2, 2012, mwandishi wa Channel Ten Daudi Mwangosi alipouawa kijijini Nyololo, Iringa, picha mnato zilionyesha askari wakiwa wamemzunguka. Picha ya namna hiyo unaweza kuishika mkononi, kuikagua kona kwa kona na kuiuliza nani amesimama wapi. Video hupita.

Maadili nayo yameongezeka uzito. Mwaka 2006 shirika la Reuters liliachana na mpiga picha aliyezidisha moshi kwa kompyuta kwenye picha ya Beirut, likaziondoa picha zake zote sokoni. Kila mwanafunzi wa uandishi wa habari amesikia kisa hicho. Wachache hufikiri kwamba kuchukua kilio kilichorekodiwa msiba mmoja na kukibandika kwenye video ya msiba mwingine ni kosa lilelile, ila gumu zaidi kugundulika. Mimi sioni tofauti yoyote, na ningemwondoa kazini aliyefanya hivyo.

Wenye magazeti nao walishawahi kujaribu njia ya mkato. Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times liliwaachisha kazi wapiga picha wake wote 28, John H. White mwenye tuzo ya Pulitzer akiwamo, kwa maelezo kwamba wasomaji wanataka video zaidi, na waandishi wa kawaida wakaelekezwa kutumia simu zao. Gazeti lilipata picha kila siku kama kawaida, lakini baadhi zilikuwa za watu wasiofundishwa kusubiri nyuma ya goli.

Kwa hiyo nawaomba wahariri wenzangu. Kabla kijana hajapanda bodaboda kwenda kazini, mwambie kazi kuu ya leo ni ipi. Ikiwa ni picha ya ukurasa wa kwanza, video yake iwe fupi, ya kabla na baada, na msimlaumu akirudi bila goli kwenye video. Ikiwa ni video, mpeni maikrofoni na mtu wa kuishika, na picha ya gazeti nunueni kwa aliyekuwa nyuma ya goli. Mkizitaka zote mbili kwa uzito mmoja, tumeni watu wawili na muwalipe wote wawili.