Methodi za Java na Vitenzi vya Bao

Usoke ni mji mdogo ulioko magharibi ya Tabora, katika nchi iliyopitiwa na misafara ya kwenda Ujiji kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912. Katika misafara hiyo kila mpagazi alikuwa na mzigo wake, na kirangozi aliyetangulia hakuhitaji kujua kilichofungwa ndani ya kila mzigo. Ilimtosha kujua njia na kituo. Mpango wa namna hiyo ndio utakiwao katika Java, lugha ya kompyuta iliyotolewa mwaka 1995, ambamo kazi ndefu hugawanywa katika vipande viitwavyo methodi. Kila methodi ina jina lake, hupewa inachohitaji, na aghalabu hurudisha jibu.

Mfano uwafaao wataalamu wa lugha ni programu ichezayo bao yenyewe, pasipo mkono wa mtu. Jambo hili si geni: mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht walitoa makala juu yake. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na wachezaji wake wamekwisha kuyagawanya matendo ya mchezo kwa vitenzi: kunamua, kula, kutakata, kusafiri, kulala.

Mwandishi asiyezoea huyatia yote hayo katika methodi moja ndefu, na kosa hujificha hapo. Mathalani, katika hatua ya namua, kete ya mwisho huweza kuangukia nyumba ya mchezaji mwenyewe, ambayo haijavunjwa na ina kete sita au zaidi, pasiwe na cha kula. Aliyekuwa akila ana hiari ya kusimama au kusafiri. Aliyekuwa akitakata hana budi kusimama. Kete zimetembea namna moja, lakini hukumu ni mbili. Kwa hiyo yafaa methodi «gawa» itie kete moja moja shimoni, irudishe jibu la shimo ilipoishia, basi. Hukumu ya nyumba iachiwe «kula» na «takata», kila moja kwa kanuni yake. Kosa likitokea, hujulikana ni mzigo wa nani.

Majina nayo yataka uangalifu. Methodi ibadilishayo ubao hustahili kitenzi cha kuamrisha. Ile iulizayo tu, na kujibu ndiyo au siyo, isipewe amri. Hapa bao lenyewe limetoa neno zuri kuliko ambalo mtu angeweza kubuni, nalo ni «hamna»: kiambishi cha mahali pa ndani pamoja na ukanushi, yaani safu ya mbele haina kitu ndani yake, na mchezo umekwisha. Neno moja ni sentensi nzima, na halihamishi hata kete moja. (Kiingereza hulazimika kuunga maneno mawili au matatu kwa kazi hiyo.)

Wasukuma, majirani wa Wanyamwezi, wana mchezo wa jamaa hiyo uitwao isolo, ambao kanuni zake si zile za pwani. Kijana wa Usoke atakaye kuigeuza programu yake ili icheze isolo ataiacha «gawa» karibu kama ilivyo. «Kula» ataiandika upya, baada ya kuwauliza wazee wanaoucheza.