Kipindupindu Kilipitia Wapi?

Kipindupindu kikizuka Kutulo, kaskazini mashariki mwa Kenya, kwenye barabara ya Wajir kwenda Elwak, lawama husafiri haraka kuliko dawa. Atatajwa dereva wa lori, mchuuzi wa maziwa, au mgeni aliyevuka mpaka juzi. Maabara haiulizi nani. Huuliza bakteria huyu ana undugu na yupi.

Kazi huanzia kwenye kinyesi. Mhudumu huchovya kijiti cha pamba katika kinyesi cha mgonjwa kabla hajapewa antibiotiki, kisha hukitia kwenye chupa ya Cary-Blair, rojo linalomhifadhi bakteria siku kadhaa bila friji. Katika jua la Kaskazini Mashariki, na safari ndefu hadi Nairobi, hilo ni jambo kubwa. Maabarani sampuli hupandwa kwenye sahani, na bakteria wakishaota, matone ya seramu huonyesha kama ni Vibrio cholerae wa kundi la O1, na kama ni wa aina ndogo ya Ogawa au Inaba.

Kwa tiba na tahadhari hayo yanatosha, lakini kwa kufuatilia njia ya ugonjwa hayatoshi. Chapa ya ngamia hukueleza ni wa ukoo gani. Haikuelezi alinywea visima vipi. Jina O1 nalo ni kama chapa hiyo: karibu milipuko yote ya janga la saba la kipindupindu duniani, lililoanza Indonesia mwaka 1961 na kuingia Kenya mwaka 1971, ni ya O1.

Ndipo husomwa jenomu yote ya bakteria, yaani maandishi yake ya urithi, yenye herufi zipatazo milioni 4. Bakteria anapozaliana hukosea kunakili, na katika ukoo huu hubadilika takribani herufi 3 kwa mwaka. Wagonjwa wawili ambao bakteria wao wanatofautiana kwa herufi moja au mbili, yaelekea wako katika mlipuko mmoja. Tofauti ikifika 50, koo hizo ziliachana yapata miaka minane iliyopita, kwa sababu kila upande umekuwa ukibadilika kivyake. Hapo unashuku kwamba ugonjwa umeingia mara mbili.

Mwaka 2017 watafiti walichapisha uchambuzi wa jenomu zaidi ya 1,000. Walibaini kwamba tangu mwaka 1970 ukoo wa janga hili umeingizwa Afrika kutoka Asia angalau mara 11, na kila ukiingia huweza kuzunguka barani kwa miaka. Mwaka 2019 ukafuata uchambuzi wa sampuli 42 za Yemen. Mawimbi mawili ya kule, ya mwaka 2016 na 2017, yalitokana na ukoo mmoja, wenye asili Asia ya Kusini, na ndugu zake wa karibu walikuwa wamekwisha kuonekana Afrika Mashariki, Kenya ikiwemo. Ni karibu na miaka hiyo ambapo kambi za wakimbizi za Dadaab (2015) na Mandera (2016) zilikumbwa na kipindupindu.

Matokeo haya yasigeuzwe fimbo ya kumpigia mkimbizi au mfugaji. Mti wa ukoo wa bakteria hautaji mtu. Tena huchorwa kwa sampuli zilizopatikana tu: mji usiotuma sampuli hauonekani kwenye mti, hata kama ugonjwa ulipita hapo. Wala mgonjwa hangoji jenomu. Anahitaji maji ya chumvi na sukari (ORS) mara moja, na dripu akizidiwa.

Faida ya kusoma jenomu iko kwenye maamuzi ya baadaye. Bakteria wa mwaka huu akiwa mtoto wa yule wa mwaka jana wa eneo lilelile, basi ugonjwa haukuondoka, na fedha ziende kwenye visima, silanga na vyoo. Akiwa wa ukoo mwingine, ulinzi uongezwe njiani na mpakani, na chanjo zitangulizwe. Lakini kaunti haiwezi kuchagua kati ya hayo mawili kama zahanati zake hazina chupa ya Cary-Blair wala gari la kuifikisha maabara.