Mshindi ni Mkimbiaji wa Tano

Mwezi wa Juni mvua zimekwisha Ulyankulu. Tumbaku imevunwa. Njia za miguu kati ya mashamba na pori la miombo ni kavu. Huu ndio wakati wa mbio za nyika.

Huenda jina hili ni geni kwako. Mbio za nyika ni mbio ndefu. Hazikimbiwi katika uwanja wa duara. Zinakimbiwa porini na mashambani, juu ya nyasi, mchanga, vilima na hata matope. Shule haina haja ya kujenga kitu. Inahitaji njia, filimbi, kamba na daftari. Kwa shule za sekondari za vijijini, sidhani kama kuna mchezo wa bei nafuu kuliko huu. Hata kandanda inahitaji mpira.

Tena watu wa Unyamwezi si wageni wa safari ndefu. Katika karne ya 19 wapagazi walichukua mizigo ya kilo 30 hivi kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kwa miguu. Lakini wapagazi walitembea. Sisi tunazungumza habari ya kukimbia.

Sasa chukua penseli, tufanye hesabu.

Katika shule za Marekani mchezo huu una msimu wake kila mwaka. Shule hutoa wakimbiaji saba. Watano wanaotangulia ndio wanaohesabiwa. Kila mmoja hupewa namba ya nafasi aliyofika. Wa kwanza anapata 1, wa pili anapata 2, na kuendelea. Kisha namba za watano hao hujumlishwa. Shule yenye jumla ndogo ndiyo inayoshinda.

Tuseme shule ya kwanza ina vijana watatu hodari sana. Wanafika wa 1, wa 2 na wa 3. Watu wanashangilia. Lakini mwenzao wa nne anafika wa 20, na wa tano anafika wa 25. Jumlisha. Utapata 51.

Shule ya pili haina bingwa. Watoto wake wanafika wa 6, wa 7, wa 8, wa 9 na wa 10. Jumlisha tena. Utapata 40. Shule ya pili imeshinda, ingawa hakuna mtoto wake aliyeonekana mbele.

Umeona? Yule aliyefika wa 25 ndiye aliyeiangusha shule ya kwanza. Kama angefika wa 12, yule wa 20 angesogea hadi wa 21, jumla ingekuwa 39, na kikombe kingekuwa chao. Kwa hiyo mwalimu mwenye akili hamwangalii bingwa peke yake. Bingwa atakimbia hata akiachwa. Mwalimu anakaa na yule wa tano, anayehema sana na kutaka kuacha.

Mtoto huyo hafundishwi kwa siku moja. Apewe wiki nane au kumi. Wiki ya kwanza akimbie kidogo, atembee kidogo, akimbie tena. Kipimo chake ni kuzungumza. Kama anaweza kusema na mwenzake huku anakimbia, mwendo ni mzuri. Kama hawezi kutoa neno, apunguze. Baadaye, siku mbili kwa wiki, akimbie kwa nguvu kupanda kilima na kushuka polepole. Na awe na siku ya kupumzika. Mwili hujengeka wakati wa kupumzika, jambo ambalo vijana wengi hawapendi kulisikia.

Mtoto mwenye homa asikimbie. Apelekwe zahanati, apimwe malaria. Mashujaa wa kukimbia na homa hatuwahitaji.

Chakula chake ni kile kile cha nyumbani, ila kiwe cha kutosha. Ugali, maharage, karanga na mboga vinafaa sana. Matobolwa ni chakula kizuri cha mkimbiaji: viazi vitamu vina nguvu, na vikikauka vinabebeka mfukoni. Ale mapema, saa mbili au tatu kabla ya kukimbia. Maji anywe kila siku, asingoje siku ya mashindano.

Na viatu? Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki mjini Roma mwaka 1960 akiwa peku. Lakini alikimbia barabarani. Pori letu lina miiba na visiki. Kama viatu vya raba havipo, njia isafishwe kwanza na watoto wakimbilie mchangani. Katambuga ni nzuri kwa kwenda shambani, lakini ni nzito kwa mbio.

Sasa nakuja kwako, mzazi. Najua unachosema. Unasema kijana akirudi kutoka mazoezini amechoka, na ng'ombe hawajanywa maji. Hoja hiyo ni ya kweli. Kaa na mwalimu mpange siku. Mazoezi ya saa moja, mara nne kwa wiki, hayawezi kuua shamba.

Wengine wanasema binti hafai kukimbia. Hapo sikubaliani nanyi. Mwaka 2017 mbio za nyika za dunia zilifanyika Kampala, hapo jirani Uganda. Wanawake walikimbia kilomita 10, sawasawa na wanaume. Kinachotakiwa kwa binti ni asirudi peke yake gizani. Mazoezi yaishe jua lingalipo.

Kuna jambo jingine la Ulyankulu hasa. Makazi haya yalianzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Kwa miaka mingi mtoto aliyezaliwa hapa aliweza kuwa na mbio kuliko wote, lakini hakuweza kuvaa fulana ya Tanzania. Anayewakilisha nchi lazima awe raia wake. Mwaka 2014 Serikali ilianza kuwapa hati za uraia watu wapatao 162,000 wa Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Kwa watoto wao fulana ile sasa si ndoto.

Nayo ina historia. Filbert Bayi aliivaa mwaka 1974 huko Christchurch, New Zealand, akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,500. Mwaka 1980 mjini Moscow, yeye na Suleiman Nyambui walipata medali za fedha za Olimpiki. John Yuda alikuwa wa pili katika mbio za nyika za dunia, Dublin, mwaka 2002. Na tarehe 15 Septemba 2025 Alphonce Simbu, mzaliwa wa Singida, jirani zetu kabisa, alishinda marathoni ya dunia mjini Tokyo. Yeye na Mjerumani aliyemfuata walipewa muda ule ule, saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Ilibidi picha itazamwe.

Safari ya kufika huko huanzia shuleni. Mashindano ya UMISSETA huanza hapo, yakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa.

Siku ya mashindano ya shule, wewe uliyejifunza kusoma na kuhesabu una kazi. Mwaka 1981 mjini Madrid, Waethiopia walikuwa wanaongoza mbio za nyika za dunia. Walihesabu vibaya mizunguko. Wakakimbia kwa nguvu zote kumaliza, kumbe bado mzunguko mmoja! Ilibidi waanze tena kuwafukuza wenzao. Mwenzao Mohammed Kedir akawa wa pili, nyuma ya Mmarekani Craig Virgin. Timu yao ilishinda hata hivyo, kwa sababu ya jumla ya namba.

Kwa hiyo mtu mmoja asimame na kuhesabu mizunguko kwa sauti. Mwisho wa njia zifungwe kamba mbili, ziache kinjia chembamba. Watoto wapite humo mmoja mmoja, bila kupitana. Wewe ukae mwisho wa kamba na daftari na penseli. Anayekuja andika namba yake ya kifuani, kisha anayemfuata, kisha anayemfuata. Usiangalie sura. Akipita mwanao usisimame kumpigia makofi, maana nyuma yake kuna mwingine anayekuja, na huenda huyo ndiye wa tano.