Kwa nini unga wa matcha umekuwa haba Japani

MJI wa Uji, ulio kusini mwa Kyoto kwa mwendo usiofika nusu saa kwa treni, umelima chai kwa zaidi ya miaka 700. Hata hivyo, mwishoni mwa mwaka 2024 wenyeji waliozoea kununua kopo la matcha, ule unga wa chai ya kijani, walikuta katika maduka mashuhuri ya Uji na Kyoto rafu tupu, au matangazo ya kuwawekea wateja kikomo.

Chanzo kimojawapo ni watalii. Mwaka 2024 Japani ilipokea wageni wapatao milioni 36.87, ikiwa ni rekodi mpya iliyovunja ile ya mwaka 2019 ya milioni 31.88. Kilichowavuta zaidi ni udhaifu wa sarafu ya nchi hiyo. Mwanzoni mwa mwaka 2021 dola moja ya Marekani ilinunua takribani yen 104. Julai 2024 ilivuka yen 160. Mgeni mwenye dola alijiona tajiri, ilhali mshahara wa mwenyeji ulibaki katika yen.

Wengi wa wageni hao hupita njia ileile: Tokyo, Mlima Fuji, Kyoto na Osaka, na kila kituo kina chakula chake. Katika jengo la mikahawa lililofunguliwa Februari 2024 kando ya soko la samaki la Toyosu, Tokyo, baadhi ya mabakuli ya wali uliofunikwa kwa samaki wabichi yaliuzwa zaidi ya yen 10,000. Wajapani wakayapa jina la dhihaka: bakuli la wageni.

Kyoto, uliokuwa mji mkuu tangu mwaka 794 hadi karne ya 19, sifa yake ni matcha. Unga huo, ambao awali ulikorogwa kwa kifagio kidogo cha mwanzi katika hafla tulivu za kunywa chai, sasa umo katika aiskrimu, keki na maziwa baridi, na picha zake za kijani zimesambaa katika mitandao ya kijamii duniani kote.

Mche wenyewe si mgeni kwa Mwafrika Mashariki, kwani ni jamii ileile ya mchai unaolimwa Mufindi na Kericho. Tofauti iko katika matunzo. Wiki tatu au zaidi kabla ya mavuno ya kwanza ya mwaka, shamba hufunikwa ili lisipate jua. Zamani kwa matete na nyasi, siku hizi zaidi kwa vitambaa vyeusi. Jani lililonyimwa mwanga huwa kijani kibichi zaidi na ladha yake hupoteza ukali. Baada ya kuchumwa, hupitishwa katika mvuke na kukaushwa bila kusokotwa, kisha vikonyo na mishipa huondolewa.

Hatimaye husagwa, na hapo ndipo penye ugumu mkubwa. Jiwe la kusagia la jadi hutoa takribani gramu 40 tu kwa saa, maana likiharakishwa hupata moto na kuharibu harufu. Kopo dogo la gramu 40, ambalo mtalii hulitia mkobani kwa dakika moja, ni kazi ya saa nzima ya jiwe.

Si kwamba wakulima wamelala. Takwimu za Wizara ya Kilimo zinaonyesha kuwa uzalishaji wa chai hiyo ulifikia tani 4,176 mwaka 2023, karibu mara tatu ya ule wa mwaka 2010. Lakini wastani wa umri wa wakulima wa Japani unakaribia miaka 70, na vijana wengi wameyakimbia mashamba. Mei 2025, majani ya kusagia yalipouzwa kwa mnada Kyoto, wastani wa bei ulipita yen 8,000 kwa kilo, wakati mwaka mmoja kabla haukufika yen 5,000.

Mkulima aliyebaki shambani hana sababu ya kulalamikia bei hiyo. Anayeumia ni mwalimu wa hafla za chai, ambaye hawezi kufundisha bila unga, na mkazi wa kawaida wa Kyoto, ambaye hata basi la kwenda kazini hulikuta limefurika masanduku ya wageni. Mji huo ulisitisha uuzaji wa tiketi ya siku nzima ya mabasi mwaka 2023, na Juni 2024 ukaanzisha mabasi maalumu ya watalii kwa nauli ya yen 500, zaidi ya mara mbili ya nauli ya kawaida ya yen 230.

Kwa upande wa chai, serikali imewahimiza wakulima wa chai ya kawaida ya kijani kugeukia majani ya matcha. Kila shamba linalogeuzwa, hata hivyo, hupunguza ile chai ambayo Wajapani hunywa majumbani kila siku. Mche mpya nao, ukipandwa leo, huhitaji takribani miaka mitano kabla ya kutoa mavuno ya maana.