Taa Imewaka? Usikimbilie Kununua Sensa

Muhula uliopita kipande cha bumu langu kiliishia kwenye gari la mzee, analolitegemea kwa kazi ya teksi. Taa ya injini iliwaka, fundi akachomeka mashine, ikatoa namba P0325. Akasema sensa ya noki imekufa. Tukafunga mpya. Siku ya tatu taa ikarudi, namba ileile. Kumbe panya alikuwa ametafuna waya.

Wanachuo wenzangu, naandika ili msilipie somo hili mara ya pili.

Sensa ya noki hufungwa kwenye bloku ya injini na kazi yake ni moja tu: kusikiliza. Mafuta yakilipuka ovyo ndani ya silinda, injini hugonga. Mtikisiko huo unaifanya sensa itoe umeme kidogo, na kontroboksi ikiupata inachelewesha cheche ya plagi mpaka kugonga kuishe. Sensa isiposikika, kontroboksi huchelewesha cheche kwa tahadhari tu. Ndiyo maana gari linakuwa zito mlimani na linakunywa wese.

Sasa, P0325 haisemi sensa imekufa. Inasema njia ya umeme ya sensa ina kasoro: inaweza kuwa sensa, soketi, waya au, mara chache, kontroboksi yenyewe. Kwa hiyo anza na macho. Zima gari, chomoa soketi, tafuta kutu, oili au waya uliokatika. Halafu chukua mita. Ncha zote mbili zikiwa zimechomolewa, pima waya kutoka kwenye sensa hadi kontroboksi. Ukiwa mzima utasoma karibu na ohm 0. Hakikisha pia haugusi bodi. Hapo ndipo uishuku sensa: weka mita kwenye volti za AC, iunganishe na sensa, gonga bloku taratibu karibu nayo. Namba isipocheza kabisa, sensa imekwisha.

Ukifunga mpya, safisha inapokaa, usipake gundi, na ikaze kwa spana ya toki kwa kipimo cha kitabu cha gari. Ikilegea au ikikazwa kupita kiasi, haisikii vizuri.

Fundi wetu hakuwa tapeli. Alisoma namba akaishia hapo. Na sisi walimu watarajiwa tujiangalie: ni wangapi wameitwa vilaza kwa sababu ya alama, kabla hata ya kuulizwa kama wanauona ubao?