Brigedia aliyeadhibiwa kwa kurudi nyuma

Katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ukilitaja jeshi la Wajapani utajibiwa kwa neno moja: Burma. Huko ndiko walikopelekwa babu zetu wa KAR, na mwaka 1944 wakapigana katika bonde la Kabaw, kwenye mvua, matope na maleria. Wengi wetu tumekua tukizisikia habari hizo barazani. Leo nawaomba twende mbele zaidi ya Burma, mpaka kisiwa cha New Guinea, ambako miaka miwili kabla ya hapo jeshi hilo hilo la Japani lilikutana na Waaustralia kwenye njia ya miguu. Nataka tumzungumze mtu mmoja, Brigedia Arnold Potts. Kisa chake kinahusu jambo ambalo kila mfanyakazi analijua, yaani kupewa kazi bila vifaa, kisha kuulizwa kwa nini hukuimaliza.

Potts alikuwa mkulima. Alizaliwa mwaka 1896 katika kisiwa cha Man, kile kilichopo baharini baina ya Uingereza na Ireland, akahamia Australia angali mtoto. Katika Vita Kuu ya Kwanza alipigana Gallipoli, akapata nishani Ufaransa mwaka 1916, na Julai 1918 akapigwa risasi kifuani. Alirudi nyumbani akafungua shamba huko Kojonup, Australia ya Magharibi, akaliita Barrule kwa jina la mlima wa kisiwani kwao. Vita ya pili ilipolipuka mwaka 1939 alikuwa anakaribia miaka 43, umri ambao mtu mwenye jeraha la kifua angeweza kukaa na kondoo wake bila kulaumiwa na yeyote. Yeye akajiandikisha tena. Mwaka 1941 alipigana Syria dhidi ya Wafaransa wa serikali ya Vichy, akapewa nishani nyingine, na Aprili 1942 akakabidhiwa Brigedi ya 21.

Mwaka huo ulikuwa mbaya kwa Australia. Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani tarehe 15 Februari, na siku nne baadaye ndege zao zikaushambulia mji wa Darwin, ndani ya Australia yenyewe. Wajapani walitaka kuuteka Port Moresby, bandari ya pwani ya kusini ya Papua, nchi ambayo wakati huo ilitawaliwa na Australia. Mwezi Mei walijaribu kwa njia ya bahari wakazuiwa katika mapigano ya Bahari ya Matumbawe. Basi tarehe 21 Julai wakaanza kushusha askari pwani ya kaskazini, karibu na Buna na Gona, wapande milima ya Owen Stanley na kuteremka upande wa pili.

Juu ya milima hiyo ilipita njia moja ya miguu, maarufu kwa jina la Kokoda. Urefu wake ni kama kilomita 96, umbali ambao kutoka Dar es Salaam haukufikishi Chalinze. Kwa basi ungekuwa hujamaliza hata gazeti lako. Kule mpagazi alitembea siku nane kufika Kokoda, akipanda na kushuka, njia ikivuka mahali palipozidi mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na mvua inanyesha karibu kila siku.

Hapo ndipo nataka tutulie kidogo, kwa sababu vita ile iliamuliwa na hesabu ya chakula kabla ya kuamuliwa na bunduki. Ofisa mmoja aliyesimamia wapagazi, Bert Kienzle, ambaye kabla ya vita alikuwa mwenye mashamba karibu na Kokoda, aliipiga hesabu hiyo. Mpagazi aliyebeba chakula, akikila mwenyewe, mzigo wake unakwisha kwa siku 13. Sasa piga na wewe: siku nane za kwenda, na hata akirudi mbio kwa siku tano, amemaliza kila kitu alichobeba na askari aliyeko mbele hajapata hata punje. Na hapo hatujahesabu risasi, dawa, mablanketi wala majeruhi wanaopaswa kurudishwa. Kienzle akawaambia wakubwa wazi kwamba kulisha jeshi kule kwa mabega ya watu haiwezekani bila ndege.

Ndiye pia aliyekwenda kutafuta mahali pa kudondoshea mizigo, na mapema Agosti akapata uwanda wa majani katikati ya msitu, ziwa lililokauka zamani, akauita Myola. Ndege zikawa zinapita chini chini, makreti yanasukumwa mlangoni bila miavuli. Mengi yalipasuka, mengine yakaangukia msituni yasionekane tena.

Nani walikuwa wapagazi wale? Wapapua, wengi wao wakiwa wamechukuliwa kwa amri kutoka vijijini na mashambani, bila kuulizwa kama wanataka. Daktari mmoja mzee, Geoffrey Vernon, aliyekuwa na uziwi, alikaa nao njiani akiwatibu na kuwagombea kwa wakubwa: wanalala bila blanketi, wanapewa wali mtupu, wanabebeshwa kupita kiasi. Sisi hatuhitaji kueleza sana jambo hili. Anayeshuka kwenye basi sokoni Kariakoo anatamka, bila kujua, jina la kikosi cha wapagazi wa vita ya kwanza, Carrier Corps, waliokufa kwa maelfu katika nchi hii hii.

Turudi kwa Potts. Agosti 1942 aliamriwa apande na kuiteka tena Kokoda. Alikuwa na vikosi viwili vya wazoefu, cha 2/14 na cha 2/16. Kikosi chake cha tatu, cha 2/27, kilizuiliwa Port Moresby kwa sababu wakubwa walihofia Wajapani wangeshuka kwingine. Na kweli walishuka Milne Bay mwishoni mwa Agosti. Potts aliambiwa kwamba Myola kunamsubiri mgao 40,000. Alipofika alikuta kama 8,000.

Kilichotokea hakijulikani sawasawa mpaka leo. Huenda mizigo haikudondoshwa, huenda ilidondoshwa ikapotea. Linalojulikana ni kwamba tarehe 17 Agosti ndege za Wajapani ziliukuta uwanja wa Port Moresby umejaa ndege za usafirishaji zilizopangwa bawa kwa bawa, kama mabasi kituoni, zikazipiga. Baada ya hapo hata waliotaka kudondosha hawakuwa na cha kudondoshea.

Ndugu zangu, jenerali aliyekaa mezani anaona kwenye ramani brigedi nzima. Potts aliona kwamba akiwapeleka wote mbele kwa pamoja watakufa njaa kabla ya kupigwa. Ikabidi awapeleke kidogo kidogo, kadiri wapagazi walivyoweza kuwalisha. Mashambulizi aliyoagizwa kuyafanya yakageuka kuwa ulinzi hata kabla hajafyatua risasi.

Mbele, kijijini Isurava, palikuwa na kikosi cha 39, vijana wa mgambo waliochoka na kuugua, wakiongozwa na Luteni Kanali Ralph Honner. Tarehe 26 Agosti Meja Jenerali Tomitaro Horii aliwashambulia. Askari wa Potts wakafika wakijipenyeza katikati ya mapigano. Walishikilia siku nne. Tarehe 29 askari wa kawaida Bruce Kingsbury alikimbia mbele ya wenzake akifyatua bunduki ya rashasha kutoka kiunoni, akauzuia upenyo wa adui, akauawa; alipewa Victoria Cross baada ya kufa. Lakini Wajapani walikuwa wakizunguka pande zote mbili, na Potts akaamuru warudi nyuma.

Neno hili, kurudi nyuma, ndilo lililomponza. Msikilizaji asiyekuwa askari hudhani kurudi nyuma ni kukimbia. Hebu tazama ilivyofanyika. Kundi moja linabaki kwenye kona ya njia, linamsubiri adui akaribie, linampiga, linamlazimisha asimame, atawanyike msituni na kupanga upya. Wakati huo kundi la pili limekwisha jichimbia kona inayofuata. La kwanza linapita katikati ya la pili na kwenda kuchimba la tatu. Mchezo huo unarudiwa mchana na usiku, na kila machela yenye majeruhi inahitaji wapagazi wanane waliopeana zamu kwenye utelezi. Kamanda akichelewa nusu saa kuondoka amezungukwa. Akiwahi nusu saa amempa adui mlima bure. Potts aliifanya kazi hiyo kwa takribani siku kumi. Kamanda wa kikosi cha 2/14, Luteni Kanali Arthur Key, alitenganishwa na watu wake, akatekwa, hakurudi.

Na kila siku iliyopita ilikuwa bakuli la wali lililotoka kwa Horii. Askari wake walibeba chakula cha siku za kuhesabika wakitumaini kula ghala za Waaustralia mbele ya safari. Potts aliliona hilo, ndiyo maana Myola alipoiacha alihakikisha chakula kilichobaki kinaharibiwa.

Nisimpambe kupita kiasi. Kati ya tarehe 6 na 9 Septemba, kwenye mgongo wa mlima karibu na Efogi, alipigwa vibaya. Kikosi cha 2/27 kilikuwa kimemfikia, lakini Wajapani walijipenyeza usiku wakayakata makao yake makuu na vikosi vilivyokuwa mbele. Kapteni Brett Langridge alikufa akijaribu kuifungua njia. Kikosi cha 2/27 kikatupwa msituni, kikatangatanga kwa siku nyingi bila chakula. Tarehe 10 Septemba Potts aliitwa Port Moresby kutoa maelezo, na nafasi yake ikachukuliwa na Brigedia Selwyn Porter. Vikosi vya 2/14 na 2/16 vilikuwa vimepungua hata vikaunganishwa kuwa kimoja.

Wajapani walifika Ioribaiwa, karibu kiasi cha kuiona bahari ya kusini, wakaishia hapo. Walikuwa na njaa, na wenzao walikuwa wakishindwa Guadalcanal, hivyo Tokyo ikawaamuru warudi. Wapo watafiti wa miaka ya karibuni waliosoma kumbukumbu za Kijapani na kusema kwamba Isurava hesabu ya askari wa pande mbili ilikaribiana, si ile ya mmoja kwa watano tuliyozoea kuisikia. Sioni kwamba hilo linabadilisha swali la chakula. Mtu mwenye njaa hahesabiwi kama mtu aliyeshiba.

Huko Brisbane, Jenerali Douglas MacArthur, Mmarekani aliyekuwa mkuu wa majeshi yote ya eneo hilo, alikuwa amekwisha pelekea Washington taarifa kwamba Waaustralia hawawezi vita vya msituni. Yeye mwenyewe alikanyaga Papua kwa mara ya kwanza mwanzoni mwa Oktoba, akafika mwisho wa barabara ya gari, akageuza. Jenerali Thomas Blamey, mkuu wa jeshi la Australia, alikuwa chini yake, na alibanwa pia na Waziri Mkuu John Curtin. Alianza kuwaondoa maofisa. Mwezi Oktoba alimfuata Potts kambini akamwambia hana tena brigedi; anakwenda Darwin.

Tarehe 9 Novemba, kwenye shamba la mipira la Koitaki, Blamey aliwakusanya askari wa Brigedi ya 21. Walitegemea shukrani. Badala yake akawaambia kwamba sungura anayekimbia ndiye anayepigwa risasi. Watu waliokuwa wamezika wenzao kila kona ya njia ile walisimama kwenye jua wakasikiliza maneno hayo. Maofisa walihangaika kuwazuia wasiharibu gwaride.

Wiki chache baadaye brigedi ile, chini ya kamanda mpya, Ivan Dougherty, ilitupwa kwenye mahandaki ya Gona. Waliokuwepo walisimulia baadaye jinsi wenzao walivyokwenda moja kwa moja mbele ya rashasha, kama watu wenye deni la kulipa. Gona ilitekwa tarehe 9 Desemba, mwezi mmoja kamili baada ya hotuba ya Koitaki.

Potts aliendelea na utumishi. Aliongoza Brigedi ya 23, na miaka miwili ya mwisho ya vita ikamfikisha Bougainville, bado na cheo kile kile cha ubrigedia. Blamey alipandishwa kuwa Fildi Masho mwaka 1950, akafa mwaka uliofuata. Potts alirudi Barrule kwa kondoo wake. Alifariki tarehe 1 Januari 1968.