Paneli za Bafu: Usifunike Maji!

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nami naongeza langu dogo: ukiufunika ufa bila kuuziba, utajenga ukuta mara mbili. Nasema hivi kwa sababu yalinikuta likizo ya Agosti iliyopita, na aliyelipia ni mama yangu.

Nyumbani kwetu bafu limepakana na chumba ninacholala na mdogo wangu. Upande wa bafu plasta ilikuwa imebambuka. Upande wetu ukuta ulikuwa umeota ukungu mweusi, hata madaftari yangu yalinuka uvundo. Mdogo wangu ana pumu, na unyevu na ukungu huwachokoza sana watu wa pumu. Alikuwa akikohoa usiku kucha. Basi zamu ya mama ilipofika katika chama chao, akasema, "Hizi pesa ni za huo ukuta." Fundi alipotaja bei ya kuweka vigae, mama alinyamaza. Hapo nikajipiga kifua: "Mama, niachie mimi. Nitaweka paneli za plastiki."

Je, ni kipi cha kuchagua? Vigae hudumu sana, lakini ni vizito, na kuvikata na kuvipanga kunahitaji fundi. Mbao za maranda zilizoshindiliwa hupendeza machoni, lakini zikinywa maji huvimba na kumeguka. Hizo ziache dukani. Jipsamu ya kawaida nayo hunywa maji. Paneli za plastiki hazinywi maji, ni nyepesi, na hukatwa kwa msumeno wa meno madogo. Kila moja ina ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, basi huingiliana kama vidole. Ubaya wake ni kwamba hujikunja kwa joto kali, na zikishika moto hutoa moshi wenye sumu. Jiko lisikaribie!

Kisha piga hesabu kabla ya kwenda hadwea. Kuta zetu tatu zilikuwa na mita 1.2, mita 1 na mita 1.2, jumla mita 3.4. Paneli ilikuwa na upana wa sentimita 25 na urefu wa mita 3. Gawanya 3.4 kwa 0.25 upate 13.6, yaani vipande 14. Sisi huoga kwa ndoo, kwa hivyo kimo cha mita 1.5 kilitosha, na kila paneli ikatoa vipande viwili. Nilihitaji 7, nikanunua 8. Kama kwenu kuna shawa, paneli lazima zipite juu ya kichwa cha shawa.

Hapa ndipo haraka yangu ilipokosa baraka. Nilipaka gundi juu ya rangi iliyobambuka na ukuta wenye maji, nikabandika siku hiyo hiyo. Bafu liling'aa! Majirani walikuja kuona. Wiki ya tatu, usiku, tulisikia kishindo. Ukuta mmoja wa paneli ulikuwa chini, umeshikana na plasta mbovu mgongoni. Vipande vitatu vilivunjika. Mama alitazama tu, akasema, "Pole, baba," akarudi kulala. Heri angenigombeza.

Kumbe paneli haikaushi ukuta. Huficha maji tu, nayo yakazidi kupita kwenda chumbani. Nilipoondoa zote niliona ufa mahali sakafu inapokutana na ukuta. Huo ndio uliokuwa mlango wa maji.

Mara ya pili nilifuata hatua hizi:

1. Nilibandua plasta na rangi yote iliyolegea kwa patasi na brashi ya waya.

2. Niliziba ufa na kupiga plasta kwa saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji.

3. Nilingoja. Tulioga kwa jirani zaidi ya wiki mbili. Kisha nilibandika kipande cha nailoni ukutani, nikaziba kingo zote kwa utepe, nikakiacha siku nzima. Ukiona matone upande wa ukuta, bado haujakauka.

4. Nilianza pembeni, nikapima kwa timazi. Kipande cha kwanza kikienda upande, vyote vitaenda upande.

5. Nilipaka silikoni ndani ya kila mfereji, kwenye pembe, chini na ukingo wa juu, kisha tukakaa siku moja bila kuoga. Maji hayapiti katikati ya paneli, hupitia maungio.

Ile paneli ya ziada iliniokoa, nyingine moja nikainunua. Nilimrudishia mama pesa zake kwa kuuza sungura wangu wawili.

Sasa ni muhula wa pili tangu nimalize. Ukuta wa chumbani umekauka, tukaupaka chokaa. Mdogo wangu bado ana pumu, lakini usiku mwingi analala, nami nalala.

Wenzangu wa kutwa, sisi hurudi nyumbani kila jioni na tunaona kuta za wazazi wetu. Tuzisaidie. Lakini ukienda dukani, usiulize kwanza paneli ipi inapendeza. Uulize ukuta wako: maji yanatoka wapi?